Sauti Isiyo na Jina: Waigizaji na Watendaji wa Tamthiliya ya Nabii Yusuf Mbele ya Hadhira ya Mbwera



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbwera huiacha barabara kuu ya kusini, akaelekea Nyamisati, na hapo safari ya nchi kavu humwishia. Kilichobaki ni maji. Hungoja maji yajae, akapanda chombo, akapenya katika vijito vya delta ya mto Rufiji huku mikoko imejipanga kulia na kushoto. Msitu huo wa mikoko, wenye zaidi ya hekta 50,000, huhesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 umo katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ndani ya vijito hivyo ndimo zilimo Mbwera mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, ambazo zamani zilihesabiwa katika wilaya ya Rufiji na siku hizi ziko katika wilaya ya Kibiti. Wenyeji hulima mpunga, huvua, hukata boriti, huangua nazi. Wengi wao ni Waislamu, na mtoto wa huko apitaye chuoni huwa amekwisha kusikia kisa cha Yusuf mwana wa Yaakub kabla hajakiona katika kioo cha runinga.

Hadhira ya namna hiyo ndiyo inayowekwa mbele katika mhadhara huu. Swali linaloulizwa ni moja. Pale tamthiliya ya runinga iliyotungwa kutokana na vitabu vitakatifu, ikapigwa picha mbali, ikanenwa kwa lugha nyingine, inapoifikia hadhira kama ya Mbwera ikiwa imekwisha kutiwa sauti za Kiswahili, ni nani hasa walioitenda? Jibu la haraka huelekeza kwenye orodha ya majina ipitayo mwishoni mwa kila sehemu. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini imepungukiwa na watu, na waliopunguka ndio wale ambao mtazamaji Mswahili aliwasikia neno kwa neno.

Mfano uliochaguliwa ni tamthiliya ya Kiirani iitwayo Yusuf Mtume, yenye sehemu 45, iliyorushwa na runinga ya taifa ya Iran kati ya mwaka 2008 na 2009. Mwongozaji wake, ambaye pia ndiye mwandishi wa mchezo, alikuwa Farajollah Salahshoor, aliyefariki Februari 2016. Huyu hakuwa mgeni wa kazi za aina hiyo. Kabla ya Yusuf alikwisha kuongoza tamthiliya ya Nabii Ayubu na ile ya Watu wa Pangoni. Yusuf mtu mzima aliigizwa na Mostafa Zamani, ambaye wakati huo hakuwa na jina lolote katika tasnia; Yusuf kijana aliigizwa na Hossein Jafari. Zulekha aliigizwa na Katayoun Riahi, mwigizaji aliyekwisha kujulikana. Mzee Yaakub ni Mahmoud Pakniat, Potifa ni Jafar Dehghan, mfalme Akhenaten ni Rahim Norouzi, na Asenati ni Elham Hamidi. Nyuma yao walikuwako wajenzi wa mji wa bandia, washonaji wa mavazi, wapambaji wa nyuso, wapiga picha na watunzaji wa farasi: jeshi zima la watu ambalo bila lenyewe hakuna Misri itakayoonekana.

Tamthiliya hiyo ilitiwa sauti za Kiswahili, nayo ikawafikia watazamaji wa Afrika Mashariki kwa runinga, kwa diski, na baadaye kwa simu za mkononi. Hapana budi kukumbuka jinsi runinga yenyewe ilivyo ngeni Tanzania Bara. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya runinga yenye rangi mwaka 1973, ikiwa mbele ya nchi nyingi za bara hili. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mtu wa delta mwenye umri wa miaka 50 alikua bila ya runinga, lakini hakukua bila ya michezo ya kuigiza. Alikuwa na redio. Pwagu na Pwaguzi walimchekesha bila ya kuonekana nyuso zao. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kurusha Twende na Wakati, watu walimjua Mkwaju, dereva wa lori, wakamsema na kumlaani kama jirani yao, na hakuna aliyepata kumwona. Sikio la msikilizaji wa pwani lilikuwa limekwisha kufunzwa kumkubali mhusika kwa sauti tu. Jambo hili litarejewa.

Kwanza yafaa kutazama kisa chenyewe. Katika Biblia kimo katika kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 37 hadi ya 50. Katika Kurani kimejaza sura nzima, ya 12, yenye aya 111, na ndicho kisa kirefu cha nabii mmoja kilichosimuliwa mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho wake. Tofauti za matini hizo mbili ni nyingi, na kila mtunzi wa tamthiliya hana budi kuchagua. Salahshoor alichota kotekote. Jina la Potifa halimo katika Kurani, ambako mtu huyo hutajwa kwa cheo chake, al-Aziz. Limetoka katika Taurati. Asenati vilevile ni wa kitabu cha Mwanzo. Jina la Zulekha halimo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Limekuja na masimulizi ya baadaye, na katika fasihi ya Kiajemi lilipata utukufu kwa utenzi wa Jami wa karne ya 15. Kumfanya mfalme wa Yusuf kuwa Akhenaten, yule aliyeacha miungu mingi na kuabudu jua moja, ni uamuzi wa mtunzi, kwani hakuna maandishi ya Misri ya kale yanayomtaja Yusuf chini ya mfalme huyo wala mwingine. Hata jina la Yuzarsif, ambalo Yusuf hupewa akiwa Misri, linafanana mno na Osarsefi, jina la kuhani katika habari za Manetho zilizohifadhiwa na Yosefo mwanahistoria. Ila huko mwenye jina husemwa kuwa ndiye Musa! Waandishi wa tamthiliya huokota walipopata, na si vibaya.

Basi matini ya namna hii, iliyoshonwa kwa vitambaa vya Taurati, Kurani, Jami na Manetho, ilipokabidhiwa kwa mtafsiri wa Kiswahili, ilimkuta akiwa na kabati la maneno lililokwisha kujaa. Hilo ndilo lisiloonekana upesi. Mtafsiri huyo hakuanza kwenye ukurasa mtupu. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, akiwa Mombasa, alianza kukigeuza kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilimwita mwana wa Yakobo kwa jina la Yusufu, jina lile lile la msikitini lililoongezwa irabu. Biblia Habari Njema ya mwaka 1996 ikambadilisha kuwa Yosefu. Kwa upande wa pili, Kurani ilipata tafsiri ya Kiswahili ya Godfrey Dale mwaka 1923, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, ndiyo iliyosomwa majumbani mwa watu wa pwani. Kila jina lililomo katika tamthiliya lilikuwa limekwisha kupata Kiswahili chake, tena zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina harufu ya nyumba kilimotoka.

Chukua neno Firauni. Katika Kurani mfalme wa zama za Yusuf huitwa mfalme tu. Firauni ni yule wa Musa. Kiswahili kimekwenda mbali zaidi: firauni limekuwa neno la kawaida la kumtukania mtu mwovu asiye na haya, na ufirauni ni uovu wenyewe. Sasa Akhenaten wa Salahshoor ni mfalme mwema, anayeota ndoto, anayemsikiliza mfungwa, anayeacha masanamu. Mtafsiri akimwita Firauni, kila mtazamaji wa Mbwera atamngojea afanye uovu, na hataufanya, na mchezo utakuwa umeharibika katika sikio kabla haujaharibika katika jicho. Akimwita Farao, kama Biblia zifanyavyo, doa limeondoka lakini harufu ya kanisani imeingia. Akimwita Mfalme, amepona, ila amepoteza Misri kidogo. Anayedhani kutafsiri ni kutafuta neno linalolingana na aliweke neno hilo mbele yake kwa siku moja.

Azizi ni tabu nyingine. Katika Kurani ni cheo, chenye maana ya mwenye nguvu na enzi, na mwishoni mwa kisa ndugu zake Yusuf humwita yeye mwenyewe kwa cheo hicho bila ya kumtambua. Lakini katika Kiswahili azizi ni mpenzi. Azizi wangu huimbwa katika taarabu. Mke wa Azizi, anayemtaka kijana asiye wake, katika lugha inayoliweka neno hilo midomoni mwa wapendanao: hapo imeingia maana ya mapenzi, ambayo imo pia katika Kiarabu na katika Kiajemi, na haikutiwa na mtunzi yeyote. Imejitia yenyewe.

Zaidi ya majina kuna heshima. Kiajemi kina viwakilishi viwili vya nafsi ya pili anaposemeshwa mtu mmoja, kimoja cha ukaribu na kimoja cha adabu. Kiswahili kina wewe tu. Mjukuu na babu wote ni wewe. Heshima ya Mswahili haikai katika kiwakilishi; imekaa katika jina la udugu, katika cheo, na katika salamu. Hebu ifikiriwe ile sehemu ambayo ndugu kumi wanasimama mbele ya mkuu wa ghala za Misri wakiomba nafaka, na mkuu huyo ndiye mdogo wao waliyemtupa. Katika Kiajemi badiliko la kiwakilishi kimoja laweza kuonyesha kwamba wamemtambua. Katika Kiswahili badiliko hilo haliwezi kufanyika hapo. Lazima lifanyike kwa kuruka kutoka Mheshimiwa kwenda mdogo wetu. Kwa maoni ya mhadhara huu, Kiswahili kina nguvu zaidi mahali hapo, maana neno mdogo wetu halimwambii tu Yusuf kwamba amejulikana. Linamrudisha nafasi yake katika nyumba, chini ya kaka zake, yeye aliye juu yao kwa cheo. Vivyo hivyo Binyamini, ambaye kwa Kiswahili ni nduguye Yusuf wa tumbo moja, huku wengine ni wa baba mmoja. Mtazamaji aliyekulia katika nyumba ya wake wenza hahitaji kuelezwa wivu huo umetoka wapi.

Na salamu je? Shikamoo, kama ijulikanavyo, imetokana na kushika miguu ya mkubwa. Ndoto ya Yusuf ni ya jua, mwezi na nyota kumi na moja zikimsujudia, na mwisho wa kisa ni wazazi na ndugu kuanguka mbele yake. Kitenzi kusujudu kwa Mwislamu ni cha Mwenyezi Mungu peke yake, na wafasiri wa Kurani wameeleza kwa urefu kwamba sijda ile ilikuwa ya heshima tu, iliyoruhusiwa katika umma za kale. Mtafsiri wa tamthiliya hana ukurasa wa maelezo. Ana sekunde tatu. Je, aseme wakamsujudia, au wakamwinamia? Aidha, mtoto Yusuf amwamkie babaye kwa shikamoo, ambayo itawafanya watu wa Kanaani wawe majirani wa Kibiti, au kwa salamu ya Kiarabu, ambayo haikosi kufaa popote? Maswali ya namna hii huonekana madogo kwa asiyewahi kukaa nayo.

Juu ya yote hayo kuna mdomo. Picha imekwisha kupigwa; midomo ya Zamani na Riahi imekwisha kufunguka na kufumba kwa kipimo cha Kiajemi. Kiswahili hubandika nafsi, njeo, mtendwa na kauli katika neno moja. Hatukumwambia ni silabi sita zinazobeba sentensi nzima, na kila moja ina irabu yake inayodai mdomo ufunguke. Mtia sauti lazima aharakishe, au apunguze, au abadili mpango wa maneno ili sentensi imalizike pale mdomo unapofumba. Kufanya hivyo kwa sehemu 45, huku mzee akibaki mzee, kilio kikibaki kilio, na Kiswahili kisigeuke Kiajemi kilichovaa kanzu, ni uigizaji kamili. Haustahili kuitwa msaada wa kiufundi.

Hapa ndipo suala la mwili na sauti linapochomoza, na ni suala la dini kama lilivyo la sanaa. Wanazuoni wengi wa Kisunni, Chuo Kikuu cha Al-Azhar kikiwa mbele, wanakataza mitume kuigizwa na watu. Mwaka 1994 filamu ya Youssef Chahine iitwayo al-Muhajir, iliyotokana na kisa cha Yusuf ingawa mhusika wake alibadilishwa jina, ilifikishwa mahakamani na kuzuiliwa nchini Misri. Moustapha Akkad, alipotengeneza filamu ya maisha ya Mtume Muhammad mwaka 1976, hakumwonyesha Mtume kabisa, wala sauti yake haikusikika. Inafaa pia kusema kwamba Akkad aliajiri makundi mawili ya waigizaji wakuu kwa lugha mbili: Anthony Quinn akawa Hamza wa Kiingereza, Abdullah Gaith akawa Hamza wa Kiarabu. Kila lugha ilipewa miili yake. Iran, ambako Washia wengi wana msimamo mwepesi zaidi juu ya mitume waliotangulia, ilimwonyesha Yusuf waziwazi, uso kwa uso.

Waislamu wa pwani ya Waswahili walio wengi ni Masunni wa madhehebu ya Shafi. Kwao basi tamthiliya hii imeleta jambo lenye utata wa kweli, na mtu aliyekataa kuitazama hakuwa mjinga wala mshupavu. Alikuwa na hoja ya karne nyingi. Aliyeitazama naye hakuwa mwasi. Mhadhara huu hauamui baina yao. Unachosema ni kwamba fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuwa na njia yake ya kumleta Yusuf mbele ya watu, na njia hiyo ilikuwa ya sauti bila ya mwili. Utendi wa Yusuf umo katika miswada kadhaa ya hati za Kiarabu, na mwaka 2020 Annachiara Raia aliuchapishia kitabu kizima cha uchunguzi. Utendi wa Ayubu ulikwisha kuchapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1971. Tendi hizi hazikutungwa zisomwe kimya. Zilighanwa, beti kwa beti, mizani nane kwa nane, na mghani ndiye aliyekuwa Yusuf, na Zulekha, na Yaakub aliyepofuka kwa kulia, na mbwa mwitu aliyesingiziwa. Hakuna aliyedhani kwamba mghani anajifanya nabii. Alikuwa ametoa sauti yake ipitiwe na maneno.

Kwa mtazamo huo, mtia sauti wa Kiswahili ni wa ukoo wa mghani kabla ya kuwa wa ukoo wa mwigizaji. Mwili ulioonekana ni wa Mwirani. Wajibu wake, na dhima yake kama ipo, ni ya huko. Kilichotoka kwa Mswahili ni kile kile kilichokuwa kikitoka kwake tangu zamani. Huenda ndiyo sababu sikio lilikubali hata pale jicho lilipositasita.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Utendi una khatima. Mtunzi afikapo mwisho, desturi humruhusu, au tuseme humtaka, ajitaje jina na ukoo, aombe radhi kwa makosa, aombe dua. Mnakili naye huongeza lake: fulani bin fulani ndiye aliyeandika kwa mkono wake, tarehe fulani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada mingi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na hata leo mwenye kuifungua London au Ujerumani hukutana na jina lake. Si tendi zote zilizobakiza majina ya watunzi, ni kweli. Hata hivyo nafasi ya jina ilikuwapo, na aliyeiacha wazi aliiacha kwa hiari au kwa bahati mbaya ya karatasi.

Tamthiliya zilizotiwa sauti za Kiswahili mara nyingi hazina nafasi hiyo. Mwisho wa sehemu hupita majina ya asili, kwa hati za asili, na pengine hukatwa yasimalizike ili tangazo la biashara liingie. Mwaka 2011 runinga ya taifa ya Tanzania ilipoonyesha tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, ilisifiwa sana, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Tangu hapo tamthiliya za Kituruki, za Kichina na za Kihindi zimemiminika kwa Kiswahili, na kazi hiyo imewapa vijana wengi ajira. Watazamaji wanawajua wahusika wa Istanbul kwa majina. Msichana wa Dar es Salaam anayewasemea hawamjui, hata akiwa jirani.

Ajabu ni kwamba biashara ya chini, ile ya mabanda ya video, haikufanya kosa hili. Katika miaka ya 2000 wasimulizi wa filamu walioziingizia Kiswahili kwa sauti zao wenyewe, bila ya idhini ya wenye filamu, walikuwa wakijitaja. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa na sifa mjini na vijijini, na watu walikwenda kutafuta kanda ya Lufufu kabla hawajauliza ni filamu gani. Alisimulia, alieleza, alitania, alimkosoa mhusika mchezo ukiendelea. Wataalamu, miongoni mwao Matthias Krings, wamemwona kuwa ni mrithi wa msimulizi wa jadi, na hawakukosea. Bila ya kujua, wasimulizi hao waliirudisha khatima ya utendi ndani ya filamu ya kigeni. Studio zenye vibali na mikataba ndizo zilizoipoteza.

Hasara yake si ya majivuno tu. Anayetaka kuchunguza Kiswahili cha tamthiliya ya Yusuf, kwa nini mtu huyu alichagua kisima na si shimo, hana wa kumwuliza. Nalo si swali la kupuuzwa. Katika Mwanzo Yusuf hutupwa katika shimo lisilo na maji. Katika Kurani ni kisima, na mteka maji wa msafara ndiye anayetumbukiza ndoo yake akamwibua mtoto. Katika delta, ambako maji ya chumvi hupanda na bamvua hadi mashambani, kisima cha maji baridi ni uhai wa kijiji, na kumtupa ndugu ndani yake ni makosa mawili kwa mpigo. Hivyo hivyo na ghala. Bonde la Rufiji, kama la Nile, limelishwa na mafuriko: wakulima hupanda mazao ya mlau maji yakiisha kupungua, nao hulala katika madungu kulinda mpunga usiliwe na wanyama na ndege. Mafuriko hayohayo yakizidi huwa msiba, kama ilivyokuwa Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vilipozama. Hadhira inayojua miaka ya shibe na miaka ya njaa kwa tumbo lake husikiliza tafsiri ya ndoto ya mfalme kwa sikio jingine kabisa, na neno moja alilolichagua mtu asiyejulikana, katika chumba kisichopitisha sauti, ndilo linalofika au lisilofika.

Waigizaji wenye miili wameendelea na maisha yao, na maisha hayo yanafuatiliwa. Zamani alipata sifa upya katika tamthiliya ya Shahrzad iliyoanza mwaka 2015. Riahi alikamatwa Novemba 2022 baada ya kujitokeza bila ya mtandio hadharani kuunga mkono maandamano yaliyofuata kifo cha Mahsa Amini, na habari zake zilisomwa duniani kote. Wako waliozisoma wakisema, huyu ndiye Zulekha. Aliyemkopesha Zulekha sauti ya Kiswahili, apatwe na mema au mabaya, hakuna atakayesema huyu ndiye.

Upande wa sheria mlango haukufungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inawatambua watendaji, yaani waimbaji, wapiga ala na wengine wanaoghani au kuigiza kazi za fasihi na sanaa. Mtia sauti ni mtendaji kwa tafsiri yoyote ya haki. Kinachokosekana ni desturi: kwamba kampuni iongeze nusu dakika ya majina ya Kiswahili mwishoni, na kwamba nakala moja yenye orodha ya mtafsiri, mhariri na watia sauti wote iwekwe katika maktaba ambako mtafiti ataikuta. Hivi sasa nakala nyingi za Yusuf wa Kiswahili ziko katika diski zilizokwaruzika na katika kadi za simu ambazo mwenye simu akiishiwa nafasi huzifuta apate kuweka picha za harusi.

Kazi hiyo haijatimiza miaka 20 tangu irushwe kwa mara ya kwanza kwa lugha yake ya asili. Wanaoweza kuzikumbuka sauti na kuzipa majina wangali wakipatikana, katika studio, katika vituo vya redio, misikitini, na katika vikundi vya sanaa ambako watu hutambuana kwa kikohozi tu. Mswada wa Kijuma ulisubiri katika sanduku kwa miongo kadhaa ukapata msomaji, kwa sababu wino ulikuwa umeandika nani na lini. Diski haina ukurasa wa mwisho wa kuandikia hivyo. Lazima mtu aende akaulize, aandike kando.